Kinga ya Mtihani

1

Mwaka huo bwalo la Chuo Kikuu cha Ndembelwa lilikuwa kimya kiasi kwamba ukikaa karibu na dirisha la jikoni unasikia ugali unavyopoa. Wanafunzi elfu nne walikula pamoja, mabega yanagusana, na kilichosikika ni vijiko tu, na jogoo mmoja wa mpishi ambaye hakuwa amesajiliwa. Kuna kijana wa Jiolojia alijaribu siku moja kusema "naomba chumvi" kwa mdomo wake mwenyewe. Taya likakwama. Mpishi alililegeza kwa mafuta ya alizeti, na mpaka leo yule kijana hali vyakula vyenye chumvi.

Na bado, nakuapia, hapakuwa na chuo ambacho watu walipendana kama pale.

Mtazame Kalunde anapita na sahani yake. Binti mmoja wa mwaka wa pili anainua nyusi. Kalunde naye anainua zake. Basi, yamekwisha. Katika kupepesa huko huko, mjumbe wa yule binti, kidude cha ukubwa wa punje ya ufuta kilichobandikwa nyuma ya sikio, ameshamuuliza mjumbe wa Kalunde habari za nyumbani Sikonge, amemtania kuhusu asali ya kwao, ameomba picha za harusi ya kaka yake, amecheka, ametoa pole ya jino. Wameongea kwa sauti zile zile za wenyewe, ila zimetiwa sukari. Na jioni, Kalunde akivua viatu, mjumbe wake anamsomea siku yake ilivyokuwa: "Leo umecheka na watu mia mbili na kumi na tatu. Umepatana na Neema wa Sheria, mlikuwa mmegombana tangu Jumatatu. Umemkumbuka sana Tusajigwe."

Kalunde hakujua kama aligombana na mtu Jumatatu. Na huyo Tusajigwe aliyemkumbuka sana alikuwa amelala hapo hapo, kitanda hicho hicho, futi tatu kwa sita. Kitanda kilikuwa cha Kalunde; Tusajigwe alikosa nafasi ya bweni, kwa hiyo Kalunde alimbeba, kama wanafunzi wanavyobebana tangu vyuo vilipoanza kujaa. Mwaka wa tatu sasa walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Wajumbe wao walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Wao wenyewe walijuana visigino.

2

Kalunde alipata kazi ya saa chache kwa wiki katika chumba cha wajumbe, jengo dogo nyuma ya maktaba, lenye joto kama tanuri la mikate. Humo maneno yote ya chuo yalipita kabla ya kwenda yanakokwenda. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi na kuangalia taa: kijani, heri, nyekundu, mwite fundi mkuu, Bwana Mligo. Ukutani palikuwa na simu ya zamani yenye waya, ambayo haikuwahi kulia tangu Kalunde aanze kazi.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, ikalia. Kalunde aliruka, akadhani moto.

"Haloo?"

"Haloo. Naongea na mtu au na kile kidubwasha?"

"Na mtu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sema tena."

"Nini, mzee?"

"Chochote. Nisikie unavyovuta pumzi." Akasikiliza. "Haya, wewe ni mtu. Mimi Ambokile, naitwa mjomba wa Tusajigwe. Namba hii nimeitoa kwenye barua yake ya kuitwa chuoni. Unamfahamu?"

"Nalala naye chumba kimoja, mjomba."

Nyuma ya mzee zilisikika sauti za watu wengi, na benchi zikiburutwa.

"Binti, nimempigia mara tatu tangu jana. Nimemwambia, njoo nyumbani, baba yako hajisikii vizuri. Ananijibu kwa adabu sana. Pole mjomba, mpeni maji mengi anywe, mtihani ukiisha nakuja. Mara tatu! Nimpe maji nani? Baba yake tumemlaza sebuleni tangu jana alfajiri."

Kalunde akakaa juu ya ndoo.

"Usimwambie," mzee akasema haraka. "Umenisikia? Jambo hili haliambiwi mtu akiwa njiani, wala kwenye simu. Anaambiwa akiwa ameshikwa huku na huku. Wewe mlete tu. Mwambie lolote, mradi umfikishe. Tunazika Alhamisi saa nane mchana, na mama yake hataki jeneza lifunikwe kabla mtoto hajamwona. Ni mtoto wake wa pekee, mwanangu. Mlete."

3

Sasa hapo ndipo penye tatizo, na wala usimlaumu mjumbe peke yake. Mjumbe alifundishwa lugha zote za nchi, methali, misemo, na matusi ya aina kumi na tisa. Lakini aliyemfundisha alimpa maneno tu. Hakumpa ule utaratibu ambao mimi na wewe tuliupata bila kufundishwa: kwamba mtu mzima akikupigia simu asubuhi, akakwambia njoo nyumbani, na hasemi ni kwa nini, unavaa kanga ya pili na kuanza kulia ukiwa stendi. Mjumbe alisikia "hajisikii vizuri." Akaiweka kwenye fungu la mafua. Akamwambia Tusajigwe, katikati ya habari nyingine: "Nyumbani wanakusalimu. Baba ana homa kidogo, nimewapa pole."

Kalunde alimkuta Tusajigwe chumbani, kajikunja juu ya daftari la Takwimu. Mtihani ulikuwa Alhamisi, saa sita mpaka saa tisa.

Kalunde akabandua mjumbe wake nyuma ya sikio, akamweka mezani.

"Vua na wewe," akasema. "Tuongee."

Tusajigwe alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue gauni sokoni. Lakini akavua. Wakabaki wanatazamana, hakuna anayejua pa kuanzia. Kalunde aligundua hajui amwite nani. Shoga? Dada? Wajumbe wao waliitana "pacha."

"Twende kwenu," akasema mwishowe.

"Kwetu?" Sauti ya Tusajigwe ilikuwa nzito, ya kukwaruza, si ile nyembamba aliyoizoea. "Kufanya nini?"

"Kusalimia."

"Wiki ya mtihani? Kwetu wanasalimiwa kila siku. Una nini wewe?"

"Baba yako anaumwa."

"Homa. Nimeshatoa pole."

"Umetoa wewe?"

Tusajigwe akakunja uso. "Sasa alitoa nani, jirani?"

Kalunde akajaribu kila mlango. Alisema mama yake amemkumbuka. Alisema yeye mwenyewe anataka kuona mashamba ya chai. Alisema mambo ya kipumbavu ambayo hata jogoo wa mpishi asingeyaamini, na kila alivyosema ndivyo mwenzake alivyosogea nyuma kitandani. Miaka mitatu wamelala pamoja, na hapakuwa na neno hata moja kati yao la kusimama juu yake.

Basi akavunja agizo la mzee.

"Tusajigwe, baba yako amefariki. Tangu jana alfajiri. Mjomba Ambokile ameniambia."

Lilitoka kavu, kama mtu anayetaja kituo cha basi. Hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliwahi kutoa pole nyingi sana chuoni, mjumbe wake alikuwa na sifa ya kutoa pole nzuri, lakini yeye mwenyewe hii ilikuwa ya kwanza.

Tusajigwe hakulia. Alinyoosha mkono kumchukua mjumbe.

"Hapana," Kalunde akasema. "Piga mwenyewe. Tafadhali. Kwa sikio lako."

Akapiga. Simu ikawekwa katikati ya kitanda, sauti nje.

"Mama?"

"Mwanangu!" Sauti ya mama ilipasuka katikati, ikajikusanya. "Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, baba anaendeleaje?"

Mtu akakohoa huko nyuma. Mwanamke mmoja alianza wimbo wa kanisa, akanyamazishwa.

"Baba yako hajisikii vizuri," mama akasema. "Njoo tu, mwanangu. Njoo."

"Mbona watu wengi hapo?"

"Wageni. Wageni tu wamekuja kumwona. Wewe njoo."

Kalunde akafumba macho. Yote yalikuwa mle ndani: mpasuko, kikohozi, wimbo uliokatwa, ile "njoo" ya pili. Bibi yeyote kiziwi angeyasikia kupitia ukutani. Lakini Tusajigwe kwa miaka mitatu alimsikia mama yake akiwa amepigwa pasi na mjumbe, mikunjo yote imeondolewa. Sikio lake halikuwa na pa kuishika hiyo sauti.

"Haya mama. Ijumaa nakuja. Mpeni uji."

Akakata. Akamgeukia Kalunde, na macho yake sasa yalikuwa na maji, ya hasira.

"Umesikia kwa masikio yako. Mama yangu mzazi amesema ni homa. Wewe unanitakia baba yangu afe ili nifeli?"

"Tusa, kwenu mtu akifiwa wanasema kwenye simu?"

"Usiniite Tusa. Sikujui."

Na kweli hakumjua. Akabandika mjumbe wake, akakusanya blanketi na madaftari, akatoka.

4

Jumatano mchana Kalunde alipoingia bwaloni hakuna aliyeinua nyusi. Mjumbe wa Tusajigwe alikuwa amewasimulia wenzake, na wajumbe wana umoja kuliko nzige. Walimwandika: anatabiria wazazi wa watu kifo. Aliposogea kwenye meza, watu walihama bila kujua kwa nini wanahama. Masikio yao yaliwaambia tu kwamba kule kuna upepo. Tusajigwe alikuwa ameweka mpaka wa hatua hamsini. Milango ya chuo iliutii mpaka huo: Kalunde akikaribia jengo alimo mwenzake, kitasa kinajifunga chenyewe.

Alimwendea mlezi wa wanafunzi. Mjumbe wa mlezi alimpokea vizuri mno, akampa pole kwa msongo, akamtakia mtihani mwema.

Akabaki na Bwana Mligo, ambaye alikuwa na umri wa kukumbuka watu walivyokuwa wanapiga kelele. Mligo alisikiliza yote huku akikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Mfungulie mjumbe wake umwambie," Kalunde akasema. "Wewe unaweza."

"Siwezi. Mjumbe haamini habari ya nyumbani mpaka itoke nyumbani. Isingekuwa hivyo, wanafunzi wangeuliana wazazi kila wiki ya mtihani."

"Basi nyumbani wakisema lile neno lenyewe?"

"Wakisema waziwazi, ataamini."

Kalunde akapiga simu ya ukutani.

"Mjomba, shikamoo. Hajaniamini. Naomba umpigie wewe. Sema tu, baba yako amefariki. Mara moja. Hicho kidubwasha kitaelewa."

"Nimwambie mtoto wa mwenzangu maneno hayo kwenye waya?" Mzee hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yuko peke yake huko. Akianguka, nani atamdaka? Wewe, ambaye unasema hataki hata kukuona? Binti, baba yake mimi nilikuwa shahidi kwenye ndoa yake. Sitamzika halafu niue na alichoacha."

"Mjomba, atakosa kumzika."

"Ndiyo maana nilikwambia umlete."

Simu ikakatwa. Bwana Mligo akatazama dari. Kisha akasema kwamba anakwenda kunywa chai, kwamba chai yake huwa inachukua nusu saa, na akatoka. Ufunguo wa meza kuu, ile inayoongoza wajumbe wote, ulibaki pale. Hakuusahau. Mligo hakuwahi kusahau hata kofia.

Sauti ya mjomba Ambokile ilikuwa humo, yote, tangu simu ya kwanza. Mashine ilihitaji dakika moja kuikata na kuishona upya mpaka iseme lolote. Kalunde alikuwa ameapa, siku alipopewa funguo za jengo lile, kwamba hatatia neno katika kinywa cha mtu. Aliapa haraka haraka, kama watu wanavyoapa, akidhani ni kuhusu mambo ya wapenzi.

Sasa alikaa mbele ya kitufe. Kumchukulia mzee mdomo wake, na kusema kwa mdomo huo jambo lile lile ambalo mzee amekataa kulisema, kwa sababu anamhurumia mtoto! Na kama si hivyo, mtoto huyo huyo ataandika majibu ya Takwimu wakati baba yake anafukiwa, kisha ataishi nalo. Ukimwuliza Kalunde leo, atakwambia hakupima. Alifikiri tu juu ya vile visigino, vya baridi kila usiku, vilivyokuwa vinatafuta ubavu wake ili vipate joto.

Akabonyeza.

"Tusajigwe, ni mjomba Ambokile," sauti ya mzee ikasema ndani ya mashine, shwari kabisa. "Baba yako amefariki. Tunazika kesho saa nane. Njoo."

Maandishi ya mjumbe wa Tusajigwe yakatokea: *Nimepokea. Naamini. Habari nzito.* Kalunde akashusha pumzi. Kisha mstari wa pili: *Mwenyewe yuko ndani ya Kinga ya Mtihani. Atafikishiwa kesho, saa tisa kamili alasiri, akiweka kalamu chini.*

Kinga ya Mtihani. Waliipigia kura wenyewe, mwaka wa kwanza, elfu nne kasoro watu sita: habari yoyote ya kuumiza isubiri. Kalunde aliipigia kura ya ndiyo. Mjumbe wake, maana yake.

Alibonyeza kufuta. *Habari ya msiba haifutwi.* Akabonyeza tena. Akachomoa waya mmoja, taa ikawa nyekundu, taa nyingine kumi zikabaki kijani na kuchukua kazi yake. Bwana Mligo aliporudi na harufu ya tangawizi, alimkuta kashika waya mkononi kama mtu aliyeng'oa mhogo.

"Nimefanya," Kalunde akasema.

Mligo akasoma maandishi. Akayasoma tena, midomo inachezacheza.

"Kwa hiyo atayasikia," akasema. "Kwenye ukumbi wa mtihani. Amezungukwa na watu elfu."

"Nitakuwa mlangoni nimdake."

"Hatua hamsini, binti," alisema Mligo. "Hatua hamsini."

5

Alhamisi alfajiri Kalunde alipanda basi la Tukuyu, kwao Tusajigwe, peke yake. Kama hawezi kukaa karibu na mwenzake, angalau mkono mmoja kutoka chuoni utupie udongo.

Alifika saa saba. Mama yake Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, mdogo kuliko sauti yake. Kalunde akapiga magoti, akaamkia. Mama alimwitikia huku akitazama nyuma yake, mlangoni. Aliendelea kutazama mlango hata baada ya mlango kufungwa.

"Mwenzako anavua viatu?"

"Yuko kwenye mtihani, mama."

Wanawake wakaacha kunong'ona. Mjomba Ambokile, mrefu, koti la mvua begani, alimtazama Kalunde mara moja tu, akaangalia pembeni. Kalunde akafungua mdomo amwambie kuhusu sauti yake. Mzee alikuwa ameshatoka kwenda kumwomba mchungaji asubiri kidogo.

Wakasubiri. Wingu likashuka mpaka kwenye migomba. Saa nane na robo mchungaji akafunga kitabu, akamwangalia mzee, na mzee akatikisa kichwa. Jeneza likabebwa.

Ukingoni mwa kaburi mama akasema, "Mpigieni mwanangu simu. Nimsikie tu, kabla hamjamshusha baba yake."

Mjomba akapiga, akampa. Vijana wenye kamba wakasimama.

"Mama! Shikamoo!" Ilikuwa sauti nyembamba, tamu, inayong'aa. Ukungu wote uliisikia.

"Marahaba, mwanangu. Mtihani unaendaje?"

"Vizuri sana, mama! Na baba, anaendeleaje?"

Kalunde alinyoosha mkono. Kisha hakujua angesema nini, na angemwambia nani. Mwenye sauti alikuwa mbali, kainamia karatasi, na hiki kinachoongea kilikuwa kinajua tangu jana na kilikuwa kinatunza siri vizuri kama kilivyoagizwa.

"Yupo hapa," mama akasema.

"Basi msalimie sana. Mwambie kesho nakuja."

Mama akatazama chini, kwenye jeneza.

"Zimefika, mwanangu," akasema. "Zimefika."

Wakalishusha. Mama akachota udongo kwa mkono wa kulia, akatupia. Akachota tena kwa mkono wa kushoto. "Huu wa Tusajigwe," akasema, akatupia na huo. Majembe yakaanza.

Baadaye watu walinawa mikono kwenye beseni, wakaingia ndani kwa sababu ya mvua. Mama alimwita Kalunde akae naye mkekani, akamfunika bega kwa kanga. Simu ya mjomba ilikuwa bado pajani mwake. Saa ya kioo chake ilisoma nane na dakika hamsini na tano.

"Mbona unatetemeka hivyo, mwanangu?" mama akamwuliza, akamsugua mgongo taratibu. "Mwenzako si umemsikia, hajambo kabisa, hajui lolote. Kesho akifika nitamshika mimi huku, wewe utamshika huku. Tutamwambia polepole."